Dawa za kuzuia kalsiamu: mwongozo kamili wa kutumia amlodipini, nifedipini, diltiazemu na verapamili kwa usalama

Chukua boksi la dawa yako usome jina lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Likiishia na -dipine, kama amlodipine, nifedipine au felodipine, umeshika dawa ya kundi la kwanza. Likiwa verapamil au diltiazem, umeshika dawa ya kundi la pili. Zote huitwa dawa za kuzuia kalsiamu, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia, maana mtu husikia jina moja akadhani ni dawa moja. Mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika kusukuma damu anaweza kunywa amlodipini bila madhara kwa moyo. Mpe verapamili, na huenda akaishia wodini.

Kitu cha pili cha kusoma ni herufi zinazofuata jina: SR, XL, LA, ER, MR, au neno Retard. Maana yake kidonge kimetengenezwa kitoe dawa polepole kwa saa 12 au 24. Kundi la dawa na namna inavyotoka kwenye kidonge ndiyo mambo mawili yanayoamua karibu kila kitu kilichoandikwa hapa chini.

## Dawa hizi zinafanya nini mwilini

Ukuta wa ateri una misuli. Misuli hiyo hukaza kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake kupitia vijilango vinavyoitwa njia za kalsiamu za aina ya L. Dawa huziba sehemu ya vijilango hivyo, misuli ikalegea, mshipa ukapanuka na presha ikashuka. Moyo nao hutumia vijilango hivyohivyo, kwa ajili ya kukaza misuli yake na kupitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Katika miaka ya 1960 Albrecht Fleckenstein wa Ujerumani alionyesha kwamba moyo uliopewa verapamili hufanya kana kwamba umenyimwa kalsiamu.

Kundi la kwanza hushika zaidi mishipa na kuuacha moyo karibu kama ulivyo. Kundi la pili hushika vyote viwili: mapigo hupungua na nguvu ya kusukuma hupungua. Verapamili ndiyo inayouelemea moyo zaidi. Diltiazemu iko katikati.

Wengi huuliza kama maziwa yataharibu dawa, au kama dawa itamaliza kalsiamu ya mifupa. Hapana kwa yote mawili. Dawa huziba mlango wa seli tu, haigusi akiba iliyo kwenye mifupa.

## Zinatibu nini

Presha ndiyo kazi kubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaziweka dawa za kundi la kwanza zinazodumu muda mrefu miongoni mwa aina tatu za kuanzia matibabu. Zina sifa tatu zinazozifanya zipendwe. Hazilazimu kupima damu mara kwa mara kuangalia potasiamu au figo. Hazipokonywi nguvu sana na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo huharibu kazi ya dawa nyingine nyingi za presha. Na huwafaa sana wazee na watu weusi: katika utafiti wa CREOLE uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa weusi waliochanganyiwa amlodipini na dawa nyingine walishuka presha vizuri kuliko waliopewa mchanganyiko usio na amlodipini.

Makundi yote mawili hutuliza maumivu ya kifua ya anjaina, yaani yanayotokea moyo ukikosa damu ya kutosha, na pia yale yanayotokana na mishipa ya moyo kujikaza ghafla. Moyo unaokwenda mbio au bila mpangilio hutulizwa na verapamili au diltiazemu pekee. Amlodipini haina msaada hapo. Vidole vinavyobadilika rangi na kuuma kwenye baridi hutibiwa kwa nifedipini. Nimodipini ina kazi moja maalumu: baada ya damu kuvuja juu ya ubongo, mgonjwa hupewa miligramu 60 kila baada ya saa 4 kwa siku 21. Kapsuli hiyo hupewa kwa mdomo au kwa mpira wa kulishia tu. Kilichomo ndani yake kikivutwa kwa sindano kikaingizwa kwenye mshipa, mgonjwa anaweza kufa, na hilo limewahi kutokea.

## Dozi, na jinsi ya kumeza

Amlodipini huanza na miligramu 5 mara moja kwa siku, na ukomo wake ni 10. Mzee dhaifu au mwenye ugonjwa wa ini huanza na 2.5. Dawa hii hukaa sana mwilini: nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kuondoka, na kiwango chake kwenye damu hutulia baada ya siku 7 hadi 8. Kwa hiyo anayepima presha siku ya pili na kusema dawa haifanyi kazi amepima mapema mno. Subiri wiki mbili hadi nne kabla daktari hajaamua kuongeza. Unaweza kuinywa kabla au baada ya chakula. Asubuhi au jioni ni sawa pia, kama utafiti wa TIME wa mwaka 2022 ulivyoonyesha kwa dawa za presha kwa jumla. La muhimu ni saa ileile kila siku.

Nifedipini ya saa 12 kwa kawaida ni miligramu 20 mara mbili kwa siku. Ile ya saa 24 ni 30 hadi 60 mara moja. Diltiazemu huwa kati ya 120 na 360 kwa siku nzima. Verapamili mara nyingi huanza na 120 hadi 240 kwa siku, na kwa presha haizidishwi 480.

Ukisahau amlodipini na saa 12 hazijapita, inywe ukikumbuka. Zikipita, iache hadi kesho. Usinywe viwili kwa pamoja kufidia, kwa dawa yoyote kati ya hizi.

Kidonge kinachotoa dawa polepole humezwa kizima. Ukikitafuna au kukisaga, miligramu 60 zilizopangwa kwa siku nzima zinamwagika ndani ya muda mfupi, presha inaanguka na moyo unaanza kwenda mbio. Vipo vyenye mstari wa kuvunjia, na hivyo huweza kuvunjwa kati, ila muulize mfamasia kwanza. Kwa mgonjwa anayelishwa kwa mpira, omba abadilishiwe dawa. Amlodipini ya kawaida inaweza kusagwa.

Baadhi ya vidonge vya nifedipini vya saa 24 vina ganda gumu lenye kitundu kidogo kama ncha ya sindano. Maji ya tumboni huingia, dawa husukumwa nje kidogokidogo, na ganda tupu hutoka chooni likiwa na umbo lilelile la kidonge. Mgonjwa akiliona hudhani dawa imepita bila kufanya kazi, akameza kingine. Asimeze. Dawa ilishatoka, kilichobaki ni ganda. Hata hivyo, aliyewahi kuziba utumbo au mwenye sehemu ya utumbo iliyobana asipewe vidonge vya aina hiyo.

Nifedipini huharibiwa na mwanga. Iache kwenye pakiti yake hadi dakika ya kuimeza, usiihamishie kwenye kichupa cheupe cha kuonekana ndani.

## Kupima presha ukiwa nyumbani

1. Usivute sigara, usinywe kahawa wala kufanya mazoezi dakika 30 kabla. Nenda haja ndogo kwanza.
2. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu yote imekanyaga chini bila kukunja nne.
3. Funga mkanda juu ya ngozi tupu ya mkono, si juu ya shati, na mkono ulale mezani usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa presha ya juu ya uongo.
4. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7.
5. Andika namba zote, pamoja na mapigo. Siku ya kwanza usiihesabu. Tafuta wastani wa siku zilizobaki.

Wastani wa nyumbani ukiwa chini ya 135/85, kwa watu wengi dawa inafanya kazi. Daktari anaweza kukuwekea lengo la chini zaidi. Kwa anayetumia verapamili au diltiazemu, namba ya mapigo ina uzito uleule wa presha. Ikishuka chini ya 50, au ukihisi kizunguzungu na kutaka kuzimia, mpigie daktari kabla ya kumeza dozi inayofuata.

## Miguu kuvimba

Hili ndilo linalowafanya wengi waache amlodipini, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Dalili huanza jioni. Mpira wa soksi umeacha mfereji kwenye kifundo, kiatu kilichoingia vizuri asubuhi sasa kinabana, na ukibonyeza kidole kwenye muundi shimo linabaki. Ukiamka asubuhi miguu imenywea. Jioni imejaa tena. Hutokea zaidi kwa dozi ya miligramu 10 kuliko 5, na kwa wanawake zaidi ya wanaume.

Chanzo si maji kuzidi mwilini. Dawa hupanua ateri ndogo zinazoleta damu, lakini vena zinazoirudisha hazipanuki kwa kiasi hicho. Damu inaingia kwa wingi kuliko njia ya kutokea, shinikizo linapanda kwenye mishipa myembamba kabisa, na maji yanasukumwa nje hadi kwenye nyama za mguu. Ndiyo maana vidonge vya kukojoa kama furosemidi havisaidii sana hapa. Mgonjwa anapewa, anakojoa, potasiamu inashuka, asidi ya yuriki inapanda, kidole gumba cha mguu kinaanza kuwaka moto kwa gauti, anaandikiwa dawa ya gauti, na miguu bado imevimba. Amefikisha dawa tatu kwa kosa la moja.

Njia sahihi ni hii. Kwanza ondoa sababu nyingine: mguu mmoja tu uliovimba na kuuma unaweza kuwa na damu iliyoganda, kukosa pumzi ukilala chali ni dalili ya moyo, uso kuvimba na mkojo wenye povu huelekeza kwenye figo. Hizo hazisubiri. Zikiondolewa, daktari hupunguza amlodipini kutoka 10 hadi 5 na kuongeza dawa ya aina ya losartani au ramiprili, ambayo hupanua vena pia na kupunguza uvimbe huku ikisaidia presha. Ikishindikana, hubadilisha kwenda lerkanidipini, ambayo haivimbishi miguu sana kama amlodipini, au aina nyingine kabisa. Kuinua miguu jioni hutuliza kwa muda. Uvimbe wenyewe hauumizi moyo wala figo, na dawa ikiachwa huisha. Hilo mgonjwa aambiwe mapema, siku anapoandikiwa dawa, asije akashtuka.

## Madhara mengine

Kichwa kuuma, uso kupata joto na moyo kudunda hutokea siku za kwanza kwa kundi la kwanza, na mara nyingi hupoa ndani ya wiki chache. Verapamili hufunga choo, wakati mwingine vibaya sana kwa wazee. Anza maji ya kutosha na vyakula vyenye nyuzinyuzi siku ileile unayoanza dawa, usingoje choo kifunge. Kiungulia kinaweza kuongezeka, kwa sababu misuli inayofunga mlango wa tumbo nayo hulegea. Fizi kukua na kufunika meno huja polepole baada ya miezi. Mswaki mzuri husaidia, na daktari wa meno aambiwe dawa unayotumia ili asitibu fizi peke yake.

## Usichanganye ovyo

Dawa hizi huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kilichopo kwenye ini na ukuta wa utumbo. Kinachokizuia huzidisha dawa kwenye damu, kinachokichochea huimaliza.

Balungi hukizuia kile cha utumbo. Felodipini ndiyo huathirika zaidi: glasi moja tu ya juisi huweza kupandisha kiwango chake mara kadhaa, na athari hudumu siku nzima au zaidi, kwa hiyo kutenganisha saa hakusaidii. Furungu na danzi viepukwe vilevile. Machungwa ya kawaida na machenza hayana neno. Amlodipini haiguswi sana.

Antibayotiki za klarithromaisini na erithromaisini zimewahi kuwaangusha wazee waliokuwa kwenye dawa hizi, presha ikashuka hadi figo zikaumia. Azithromaisini haina tabia hiyo. Dawa za fangasi kama itrakonazoli na ketokonazoli, pamoja na ritonaviri ya VVU, nazo huzidisha.

Upande wa pili yupo rifampisini. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeianza anaweza kuona presha iliyokuwa imetulia inapanda, na nifedipini inakuwa kama hakuinywa. Kinachosahaulika zaidi ni mwisho wa matibabu: rifampisini ikisimamishwa, kimeng'enya hurudi kawaida kwa wiki mbili hivi, na dozi ya presha iliyokuwa imeongezwa sasa inakuwa kubwa mno. Pima presha kwa karibu wiki hizo. Karbamazepini, fenitoini na fenobarbitali za kifafa hufanya hivyohivyo.

Dawa ya lehemu ya simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku ukitumia amlodipini, wala 10 ukitumia verapamili au diltiazemu. Ikizidi, misuli inaweza kuharibika: maumivu ya misuli na mkojo wa rangi ya chai ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo. Rosuvastatini na pravastatini hazina tatizo hilo.

Kundi la pili lina hatari zake. Verapamili au diltiazemu pamoja na dawa za kupunguza mapigo kama atenololi, bisoprololi, metoprololi au propranololi vinaweza kuusimamisha umeme wa moyo. Hata matone ya macho ya timololi yanahesabika, kwani huingia kwenye damu, na watu hawayataji kwa kuwa hawayaoni kama dawa. Verapamili huongeza digoksini, dawa nyingine ya moyo, kwenye damu kwa nusu hadi robo tatu, kwa hiyo dozi ya digoksini hupunguzwa na kupimwa upya. Ivabradini, ambayo nayo hupunguza mapigo, haichanganywi na verapamili wala diltiazemu kabisa. Kolkisini ya gauti hupunguzwa.

## Wasiopaswa kupewa

Kundi la pili halipewi mtu ambaye moyo wake una nguvu ndogo ya kusukuma, mwenye umeme wa moyo uliokatika daraja la pili au la tatu bila kifaa cha kusukuma mapigo, au mwenye mapigo ya polepole kwa asili. Mtu mwenye njia ya ziada ya umeme kwenye moyo akipatwa na mtetemo wa vyumba vya juu, verapamili inaweza kumuua, kwa sababu umeme wote unapitia ile njia isiyo na breki. Ndiyo sababu kipimo cha umeme wa moyo (ECG) hutangulia sindano ya verapamili. Kundi la kwanza halipewi mtu ambaye presha yake imeporomoka kwa sababu moyo umeshindwa kusukuma damu, na hutumiwa kwa hadhari kubwa kwa mwenye vali ya aota iliyobana sana.

Kwa mjamzito, nifedipini ni miongoni mwa dawa zinazoaminika. Presha ikifika 160/110, hospitalini humezeshwa miligramu 5 hadi 10 za ile ya haraka, na hurudiwa baada ya dakika 30 isiposhuka, chini ya uangalizi wa karibu. Anayenyonyesha anaweza kutumia nifedipini au amlodipini. Losartani na ramiprili zilizotajwa juu hazifai kabisa kwenye ujauzito.

## Nifedipini chini ya ulimi: acha

Kutoboa kapsuli ya nifedipini na kuidondoshea chini ya ulimi ili kushusha presha upesi ni tabia ya zamani iliyodhuru watu. Dawa hainyonywi vizuri hapo. Inafanya kazi inapomezwa, na presha inaweza kuporomoka bila kipimo, ubongo au moyo ukakosa damu. Mwaka 1996 madaktari waliandika wazi kwenye jarida la JAMA kwamba iachwe.

Ukipima ukakuta 190/110 na huna dalili yoyote, kaa utulie, pima tena, kunywa dozi yako ya kawaida kama uliisahau, na wasiliana na daktari siku hiyohiyo. Yakiwepo maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, kushindwa kusema, kutoona au kukosa pumzi, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi, na si ya kujaribu kidonge cha jirani.

## Ikizidishwa

Dawa hizi zikizidi ni miongoni mwa sumu ngumu kutibu, na kwa mtoto mdogo hata kidonge kimoja kinaweza kuwa hatari. Ziweke juu, kwenye kabati linalofungwa. Jambo linalohadaa ni kwamba mtu anaweza kuwa anaongea vizuri huku presha inashuka, na kwa vidonge vinavyotoka polepole dalili huweza kuchelewa saa 12 au zaidi. Usingoje dalili. Usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja hata akionekana mzima, na atabaki chini ya uangalizi hadi siku nzima ipite.

Huko hupewa kalsiamu ya mshipani, dawa za kupandisha presha, na insulini kwa dozi kubwa pamoja na glukosi, maana moyo uliozibiwa kalsiamu huhitaji sukari ili usukume. Kiasi cha matibabu na muda wa kumkalisha hutegemea alichomeza, kwa hiyo nenda na boksi lenyewe na vidonge vilivyobaki, na ukifika sema mambo manne kwa mpangilio huu: jina la dawa, herufi zinazofuata jina, idadi ya vidonge vilivyopungua, na saa alipovimeza.